Kengele ya Kuku wa Mzee Plaschke

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Mvua. Tanuri la pili limefunguliwa na kengele sita zimetoka. Nimezigonga zote. Mbili zinaimba, moja ina mafua, tatu ni sufuria.

Naandika haya kwa sababu binti yangu Traudl amesema nikizidi kumsimulia habari za kengele kila tukiketi kula, atahama nyumba kabla ya harusi yake. Haya, basi nitaiambia karatasi. Hapa Weissenlohe hatujasikia kengele tangu mwaka wa arobaini na mbili, zile za kanisani ziliposhushwa zikayeyushwe kuwa mizinga. Za shaba mpya hatuziwezi. Kwa hiyo kiwanda, ambacho tangu enzi za bibi wa bibi yangu kinatengeneza sahani na vikombe tu, kimeamua kutengeneza kengele za kauri, kumi na mbili, za kutundikwa kwenye kamnara ka ofisi ya mji. Zinatakiwa zilie siku ya Kerwa, sikukuu yetu ya mavuno, Jumapili ya tarehe kumi na saba Oktoba.

Kazi yangu ni kugonga. Naweka chombo kwenye ncha za vidole, nakigonga kwa kinyundo cha mti, nasikiliza. Kizima kinaimba, chenye ufa kinajibu kama sanduku lililolowa. Sasa kengele zote nazo zinapita sikioni mwangu, na mtu asiyependa hukumu yangu anajua mlango ulipo.

Alhamisi, 5 Agosti

Leo imetoka ile kubwa. Chumba kizima cha kuchambulia kilisimama. Mkurugenzi Ruckdeschel alishuka mwenyewe na koti lake la mvua. Nikol Küspert wa ghalani akaacha kusimulia fainali ya mpira ya Bern, jambo ambalo halijatokea tangu Julai. Na Erwin Plaschke, mchumba wa Traudl, ambaye ndiye aliyeimwaga kwenye kalibu, alikuwa mweupe kuliko kengele yenyewe.

Ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Nyeupe, nene, kimo cha ndoo ya maziwa. Nikaigonga.

"Mooo," ikasema.

Hakuna aliyethubutu kuniangalia. Nikagonga tena, nikagonga na dada yake mdogo, kengele inayoifuata kwa ukubwa, ambayo inapaswa kuafikiana nayo. Hazikuafikiana hata kidogo. Erwin alikosea hesabu ya kunywea. Udongo wetu hunywea motoni, lakini alidhani utanywea kama ule wa kwao Bohemia, na huu wetu haukunywea vya kutosha. Kengele ikabaki kubwa, na sauti ikabaki chini huko, matopeni.

"Bi. Rauh, unasemaje?" mkurugenzi akauliza.

"Hii si kengele, ni ng'ombe."

Watu walicheka. Babette, tunayekaa naye benchi moja, alicheka mpaka akashika ubavu. Erwin akainamisha kichwa. Ndipo baba yake, mzee Wendelin Plaschke, akatoka chumba cha kunolea akiwa na aproni iliyolowa. Anasugua vikalio vya sahani pale. Akavua kofia.

"Nabusu mkono wako, bibi mheshimiwa," akasema. Ndivyo wanavyosalimia watu wa huko, hata wakikuchukia. "Ukingo ukinolewa, sauti itapanda."

"Inolewe vidole viwili vizima?" Nikol akadakia. "Itapasuka kabla hujafika nusu."

Mkurugenzi akaangalia saa. "Muda tunao. Mwaga nyingine, Erwin."

Mzee Plaschke akauliza kama anaweza kuichukua ile iliyokataliwa. Nikamwambia achukue, mradi asiilete tena mbele yangu. Akaibeba kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto wa watu.

Ijumaa, 6 Agosti

Nimeamshwa na ng'ombe. Mzee Plaschke ameitundika uani kwake, kwenye mti wa plamu, ukuta kwa ukuta na chumba changu. Anawaita kuku kwa kengele, mapigo matatu matatu! Tatu, kimya. Tatu, kimya. Tatu. Halafu kuku wanakuja mbio na yeye anawamwagia shayiri.

Jumatatu, 9 Agosti

Mvua. Kengele ya kuku. Sahani mia za hoteli, zote nzima.

Jumapili, 15 Agosti

Leo akina Plaschke wamekuja kula kwetu kwa mara ya kwanza kama watu watakaokuwa ndugu. Nimepika matonge ya viazi, nyama ya kuoka na kabichi nyekundu. Mzee alikula matonge manne akayasifu yote, kisha akasema marehemu mkewe Hedwig alikuwa akiyapika kwa mkate. Kwa mkate! Nikanyamaza, lakini Traudl aliona nyusi zangu.

"Mama, usianze."

"Nimesema nini?"

"Hujasema, ndiyo maana naogopa."

Sina ubaya na Erwin. Ni kijana mwenye mikono mizuri, na anamtazama binti yangu jinsi mtu mwenye njaa anavyotazama mkate ukitolewa jikoni. Lakini walikuja hapa mwaka wa arobaini na sita, wamefukuzwa kwao, na masanduku mawili, na sasa kila mahali ni wao. Wanajua kumwaga udongo kuliko sisi, wanajua kuchora kuliko sisi, tena ni Wakatoliki, na mkono wako unabusiwa kutwa bila kuguswa. Nilipomwomba mzee kistaarabu aiondoe ile kengele dirishani pangu, alitabasamu kwa huzuni akasema, "Kuku wameshaizoea, bibi." Traudl anataka nimwite mzee huyo mkwe. Nitamwita mkwe siku nitakayopenda.

Usingizi haukuja mchana, nikamwaza Konrad wangu. Aliondoka kwenda vitani wiki ileile kengele ziliposhushwa. Alisimama uwanjani na begi lake akizitazama zikiteremshwa kwa kamba, akasema, "Ona, Gunda, hata hizo zimeandikishwa jeshini." Alikuwa mtu wa mzaha mpaka mlango wa treni. Habari zake zilipofika miaka miwili baadaye, hakukuwa na kitu cha kugonga. Desturi yetu hapa, mtu akifa, kengele kubwa humlilia siku habari inapofika: tatu, tatu, tatu. Mji wote husimama, anayekamua ng'ombe huacha, anayegombana huacha. Konrad hakuliliwa. Nilisimama jikoni na ile barua, na nje watu waliendelea kupasua kuni.

Tumekubaliana kwenye kikao cha mji kwamba siku ya Kerwa kengele kubwa italia kwanza, peke yake, kwa wote waliokwenda bila kengele. Ndiyo sababu nimekuwa mkali. Wanadhani ni sikio tu.

Jumanne, 24 Agosti

Mvua na kengele ya kuku. Sijui kipi kinachoanza mapema zaidi.

Ijumaa, 3 Septemba

Kengele tisa tayari. Zilizokataliwa zimejaa kibanda cha langoni pamoja na sahani zilizovunjika na birika zisizo na pua. Nikol anasema tukiendelea hivi, Jioni ya Vigae ya Traudl itakuwa na makelele kuliko zote tangu vita viishe. Hapa kwetu mkesha wa harusi watu wote huja kuvunja vyombo mlangoni kwa bibi harusi, na maharusi wafagie pamoja. Kwingine watu huvunja sahani zao kuukuu. Sisi watu wa kiwandani tunajichotea tu kwenye kibanda, kila mtu kwa karai lake, wala hatuangalii tunachochota. Tumefanya hivyo tangu zamani.

Ijumaa, 17 Septemba

IMEIMBA.

Kengele kubwa ya pili imetoka tanurini leo saa nne. Erwin safari hii alipima kunywea kwa udongo wetu kama mtu aliyezaliwa hapa. Nikaigonga mara moja tu. Sauti ikatoka, ikaenda mpaka ukutani, ikarudi, ikakaa. Nikagonga dada yake mdogo, na mbili zile zikakumbatiana. Nilikaa chini kwenye kreti. Babette akanifuta uso kwa aproni yake akisema, "Gunda wee, jikaze, mkurugenzi anaangalia." Mkurugenzi naye alikuwa anapenga kamasi.

Nimemwambia Erwin amefanya kazi ya mwanaume. Aliona haya akaangusha kofia yake kwenye ndoo ya udongo.

Jumanne, 28 Septemba

Mvua siku ya ngapi sijui. Paa la chumba cha kufungia vyombo linavuja. Kengele ya kuku. Nguo za harusi hazikauki.

Jumatano, 6 Oktoba

Nimemenya viazi vya watu sitini. Mvua.

Jumapili, 10 Oktoba

Sasa ndipo napata nafasi ya kukaa. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitaanza kupiga kelele.

Ijumaa jioni ilikuwa Jioni ya Vigae. Mvua ilikatika kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, na mji mzima ukajaa uchochoroni kwetu kabla hata giza halijaingia vizuri. Walikuja na makarai, mikokoteni, hata gari la watoto limejaa birika. Wakaanza. Sahani zinaruka, vikombe vinalia, watoto wanapiga mayowe ya furaha, na Traudl na Erwin wanafagia huku wanatupiwa vingine miguuni. Na mwaka huu, kwa kuwa kibanda kilijaa kengele zilizokataliwa, watu walikuwa wakivunja kengele. Mafua, sufuria, zote nilizihukumu mimi. Nilisimama mlangoni na bakuli la saladi ya viazi nikawa nacheka kama wengine.

Babette akafika na kreti mkokotenini. "Jamani, nipisheni!" akaita. "Nimewaletea bahati kubwa kuliko zote! Wapate watoto kumi!" Akaitoa kwenye majani makavu. Niliona mgongo wake tu, na mikono imeinuliwa.

Ikaanguka kwenye ngazi ya mawe.

Vyombo vibovu vikivunjika husema "kacha," basi. Hiki, kabla hakijavunjika, kiliimba. Kidogo tu, kama mtu aliyeitwa jina akaanza kuitika. Ile sauti naijua. Nimelala nayo kichwani tangu Septemba. Nikaliachia bakuli.

Watu walipiga makofi, wakadhani na mimi navunja. Mimi nikapita katikati ya viazi nikapiga magoti. Erwin alikuwa amefika kabla yangu na ufagio wake. Alikuwa ameshika kipande cha juu, lile tundu la kutundikia, na pale ndani alama aliyoichora mwenyewe kwa kidole udongo ulipokuwa mbichi.

"Mama," akaniambia. Hajawahi kuniita mama. "Hii ndiyo yenyewe."

Makelele yalikufa mstari kwa mstari, kutoka mbele mpaka mwisho wa uchochoro. Nikol akaja akikimbia, akasimama, akavua kofia. Kumbe paa lilivyovuja, Alhamisi alihamishia kreti za kengele nzima kwenye kibanda cha langoni. Ndipo pakavu. Aliziweka upande wa kulia. Kibandani pale, tangu lini mtu wa kiwanda chetu akaangalia kulia na kushoto siku ya vigae?

"Niliwaambia watu wa zamu," akasema Nikol.

"Uliwaambia saa ngapi? Wakati wa kusimulia goli la tatu?" nikamrukia. "Na wewe Babette, una macho ya nini? Ya kupambia uso?"

"Gunda, nilidhani ni mbovu! Zote zilikuwa mbovu! Wewe mwenyewe umekataa kengele zaidi ya zilizomo mbinguni!" Kisha akaketi kwenye ngazi, katikati ya vigae, akalia kwa sauti.

Nilikuwa na mengine ya kumwambia, na nilimwambia. Siyaandiki. Zile kumi na moja zilikuwa salama, Nikol alikimbia kuhakikisha. Lakini ile ya kwanza, ile ya wafu, ilikuwa ngazini kwangu. Na kumwaga nyingine haiwezekani: udongo mnene vile unahitaji wiki tatu kukauka, ukiuharakisha unapasukia tanurini. Na Kerwa ilikuwa imebakiza siku tisa tu.

Mzee Plaschke aliokota vigae kimoja kimoja akavitia katika kofia yake. "Erwin, fagia," Traudl akasema. "Tumalize pamoja. Mimi sianzi ndoa na uchafu mlangoni." Wakafagia, watu wote wametulia, hata watoto. Nilimwona binti yangu vizuri siku ile.

Jumamosi, siku ya harusi, nilikuwa nimekaa nyuma ya Traudl nikimsuka, kichwa changu mwenyewe kimejaa vibiringishi vya nywele, moyo wangu mzito kama jiwe la kusagia. Ndipo nje ikaanza.

Tatu, kimya. Tatu, kimya. Tatu.

Nikaacha nywele.

"Mama, vipi? Unaniumiza."

"Nyamaza. Sikiliza."

"Ni kengele ya kuku."

"Ndiyo!" nikasema. "Ni kengele! Iko chini, matopeni, lakini ni nzima, na iko chini kwa kiasi ninachokijua. Ninaisikia kila siku ya Mungu!"

Nilitoka na vibiringishi, na viatu vya ndani, na gauni langu la sherehe limefungwa nusu. Nilipita kwenye tope la uchochoro mbele ya akina Küspert wote waliokuwa dirishani. Mzee alikuwa chini ya mti wa plamu, suti nyeusi, ua kifuani, mfuko wa shayiri mkononi. Kuku wamemzunguka.

"Nabusu mkono, bibi. Hata leo inakukera?"

"Ishushe!"

"Bibi, leo ni harusi ya watoto, tusigom..."

"Ishushe taratibu, mzee! Polepole! Kama unamshusha mtoto! Ulisema ukingo ukinolewa sauti itapanda. Ulisema au hukusema?"

Akanitazama. Akatazama kengele. Mfuko wa shayiri ukamtoka mkononi, na kuku wakala karamu kuliko sisi.

Harusi ilikwenda vizuri. Traudl alikuwa mrembo. Nimekula keki tatu. Mengine sikumbuki, nilikuwa nawaza ukingo.

Jumatatu, 11 Oktoba

Mkurugenzi ametuachia chumba cha kunolea. Mzee Plaschke ananoa, mimi nasikiliza. Jiwe linazunguka, maji yanatiririka, na kengele imelazwa katika kitanda cha mbao na blanketi ambacho Erwin alikitengeneza jana badala ya kukaa na mkewe. Mzee anaondoa unene wa kucha, tunasimamisha jiwe, nagonga. Anaondoa tena. Ikipata joto itapasuka, kwa hiyo Babette anamwagia maji. Alijileta mwenyewe alfajiri na ndoo mbili.

"Usinitazame, Gunda. Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kwa ajili ya kengele."

"Mwaga maji."

"Namwaga."

Mchana tulikula mkate na soseji, tumeketi kwenye makreti. Nikamuuliza mzee, kwa kuwa nilitaka kusema kitu kizuri na sikukipata, kwa nini kuku waitwe kwa kengele kubwa hivyo, wakati watu wote wanawaita kwa mdomo.

Alitafuna kwanza. "Siwaiti kuku, bibi," akasema. "Nampigia Hedwig."

Alikufa njiani walipokuja, kwenye behewa la mizigo. Walimzika kando ya reli, kituo ambacho mzee hajawahi kujua jina lake, maana treni ilisimama kidogo tu. Kwao pia wafu hupigiwa tatu, tatu, tatu. Tangu mwaka ule alikuwa hana cha kupiga. "Nikiisha kupiga nawapa kuku chakula, kwa kuwa ndiyo saa yao," akasema. "Wao ndio wamedhani wanaitwa. Nikaona nisiwavunje moyo."

Wiki tisa nimefunga dirisha kwa kishindo, makusudi, ili asikie. Nilitaka kumwambia hivyo, na kumwambia habari za Konrad, na nilimwambia, vibaya na kwa haraka, na mdomo umejaa mkate. Babette alituacha akajifanya anachota maji.

Jumanne, 12 Oktoba

Tumemaliza kidole kimoja. Sauti imetoka matopeni, sasa ipo kwenye majani.

Mchana jiwe likiwa linazunguka, kitu kikasema "ti".

Mzee aliinua mkono. Jiwe likasimama. Nikol, aliyekuja kujiombea msamaha kwa kusukuma gurudumu, alifumba macho kama yupo kanisani. Kengele ina lugha yake, na "ti" katika lugha hiyo maana yake ni ufa. Nikachukua kinyundo. Nikagonga ukingo kidogo kidogo, nikizunguka, sikio limekaribia kugusa kauri. Inaimba. Inaimba. Inaimba. Nikazunguka mpaka nilipoanzia.

"Nzima," nikasema.

Ilikuwa chembe ya mchanga kwenye jiwe. Mzee Plaschke akakaa chini pale pale kwenye maji. "Bibi," akasema, "ukisema wewe nzima, mimi naamini hata kama ingekuwa vipande." Nikamwambia anyanyuke, atapata baridi ya mifupa.

Jumatano, 13 Oktoba

Saa tisa alasiri nikasema, "Basi. Hapo."

Mzee akatikisa kichwa. Akapitisha dole gumba ukingoni, macho amefumba. "Bado pumzi moja."

"Mimi ndiye sikio."

"Na mimi ndiye kidole. Pumzi moja, bibi. Ukinikatalia naacha."

Nikagonga tena. Nikagonga na dada yake mdogo. Zilikuwa karibu sana, lakini kati yao bado kulikuwa na kitu kinachotetemeka, ambacho sikutaka kukisikia kwa kuwa niliogopa. Alikuwa sahihi. Nikamwambia, "Noa."

Akanoa pumzi moja. Nikagonga.

Siwezi kuiandika. Mkurugenzi alikuwa ghorofa ya pili na dirisha limefungwa, akashuka mbio bila koti. Wachoraji wakatoka na brashi mkononi. Nikol na Babette wamekumbatiana, na hao hawajapatana tangu Ijumaa. Ni tamu kuliko ile iliyovunjika, nasema hivyo na sikio langu ni lilelile lililoikataa.

Alhamisi, 14 Oktoba

Zimepandishwa mnarani. Kikaoni usiku wamebishana nani apige ya kwanza, meya ama mkurugenzi ama mchungaji wetu pamoja na padri wao. Nikasimama. Nikawaambia kengele hii ina mpigaji wake tayari, ameipiga kila asubuhi tangu Agosti, na mwenye pingamizi aje anipe kwa sauti. Hakuja mtu.

Jumapili, 17 Oktoba. KERWA

Jua! Jua kamili, kama limelipiwa.

Uwanja ulijaa tangu saa tatu. Vijana wameshasimamisha mti wa Kerwa na mapambo yake, maandazi ya sikukuu yananukia kutoka kila jiko, bia imeshafunguliwa kabla ya wakati wake. Mji mzima, wa kwetu na waliotoka Bohemia, safari hii sikuona wamesimama wapi na wapi. Traudl na Erwin walikuwa kando yangu. Meya akasema maneno machache, ambayo kwake ni mengi, kisha akainua mkono kuelekea mnarani, ambako mzee Plaschke alikuwa amesimama na suti yake ya harusi na nyundo ya mti.

Wanaume wakavua kofia.

Tatu.

Ikashuka juu yetu sote. Nilihisi kifuani kabla ya sikioni. Kimya. Bibi mmoja nyuma yangu akaanza kutaja majina, taratibu, wanawe watatu.

Tatu.

"Konrad," nikasema. Kwa sauti, sikujali. Miaka kumi, Konrad, na sasa imelia, mji wote umesimama kwa ajili yako, wala hakuna anayepasua kuni.

Tatu. Na hapo, katika kile kimya cha mwisho, kukasikika kelele za ajabu kutoka uchochoroni kwetu.

Kuku. Kuku wote wa Plaschke, jogoo mbele, wamenyoosha shingo, wanakuja mbio kwa miguu yao yote. Walipita chini ya kamba ya usalama, wakapita kati ya miguu ya bendi, wakamzunguka meya na hotuba yake, wakasimama chini ya mnara wanatazama juu. Wanadai shayiri.

Hakuna aliyejua afanye nini. Mchungaji ametazama viatu vyake. Meya amenitazama mimi, kana kwamba kuku ni wangu. Na mimi, machozi yanatiririka mpaka shingoni, nilihisi kitu kinapanda kutoka tumboni, na nilikijua: ni kicheko cha Konrad. Angekuwepo angeanguka chini. Nikacheka. Nikacheka kwa nguvu uwanja mzima ukasikia. Babette akafuata, na Traudl, na yule bibi wa majina matatu akiwa bado analia, halafu wote, mji mzima, kofia mkononi. Huko juu mzee Plaschke ametoa kichwa nje ya kamnara, uso umelowa, naye anacheka. Erwin akakimbilia mnarani akavuta kamba za zile kumi na moja, na kengele zote zikaanza kuimba kwa pamoja juu ya kicheko chetu. Hazikukosea hata moja. Mimi ndiye ninayesema.

Watu wakawamwagia kuku makombo ya maandazi. Jogoo akapanda meza ya mkurugenzi. Tulicheza mpaka viatu vikalalamika.

Mzee aliposhuka mnarani, umati ulimpisha. Akaja mpaka mbele yangu, akavua kofia, akainama kama kawaida yake. "Nabusu mko..."

Nikampa mkono. Safari hii aubusu kweli, nione kama anaweza. Aliubusu, akawa mwekundu kama kabichi yangu.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nimeamka mwenyewe, kwa kimya. Mti wa plamu hauna kitu. Kuku walikuwa wamejipanga chini yake wanangoja, wamekata tamaa.

Nikachota shayiri kwenye aproni, nikapita uchochoroni, vigae vichache bado vinang'aa kati ya mawe. Nikagonga lango kwa ngumi: tatu, kimya, tatu, kimya, tatu. Kuku wakanivamia.

"Nani?" akaita kutoka ndani, bado na usingizi.

"Ni mimi, mkwe," nikasema. "Amka. Watoto wako wana njaa."